Uzi Mweupe Kwenye Kola

Gauni lilirudi Jumatatu, limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa karatasi. Mwalimu aliyelirudisha aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuja kutoa pole ya msiba.

"Samahani fundi. Nadhani kuna kitu kidogo kilisahaulika hapa shingoni."

Shangazi alilipokea, akalitandaza mezani, akaanza kuipapasa kola kwa ncha za vidole. Hakufika mbali. Upande wa kushoto, juu ya kitambaa cha rangi ya maziwa, ulikuwa umebaki uzi mweupe wa bandi, ile mishono mirefu ya mkono ambayo fundi huitia kushikiza nguo kwa muda, kisha huichomoa cherehani ikishapita. Mwalimu alikuwa amelivaa gauni hilo kwenye hafla ya kumuaga mkuu wa shule yake. Alikaa meza ya mbele. Hakuna aliyemwambia kitu mpaka aliporudi nyumbani na kujitazama kwenye kioo.

"Hata haukuonekana sana," alisema mwalimu.

"Ulionekana, ndiyo maana umekuja." Shangazi aliuchomoa uzi ule polepole, akauzungusha kidoleni. "Nisamehe, mwalimu. Sijawahi kumtoa mteja mlango huu na bandi mwilini."

Ilikuwa kweli. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameketi nyuma ya cherehani ileile nyeusi, na mimi nilikulia chini ya meza yake tangu nina miaka sita, nikiokota pini kwa sumaku. Mwalimu alipoondoka, shangazi alibaki ameshika mfuko mtupu wa karatasi.

"Uzi mweupe juu ya maziwa," alisema. "Zamani ningeuona nikiwa ng'ambo ya barabara."

Jicho lake la kulia lilikuwa limeshabaki na vivuli tu. La kushoto lilikuwa linafuata. Daktari wa macho alimwambia ni mtoto wa jicho, akampangia upasuaji Alhamisi ya wiki iliyofuata, na akamwonya kwamba akiikosa nafasi hiyo, orodha nyingine ingefunguliwa baada ya miezi mitano. Miezi mitano ilikuwa mingi. Tayari kutunga uzi kwenye sindano kulikuwa kazi yangu.

Kuanzia siku hiyo tukaweka utaratibu. Nikitoka kazini kwangu, kwenye maktaba ya chuo, ninapitia dukani, na hakuna nguo inayotoka kabla sijamweleza ilivyo, mshono kwa mshono.

"Nisomee," ananiambia, kana kwamba nguo ni barua.

Nami ninamsomea. Pindo limenyooka. Vifungo sita, matundu sita. Bega la kulia limepanda kidogo. Yeye anasikiliza amefumba macho, na nikiruka kitu anajua.

*

Jumatano jirani yetu wa saluni aliingia bila kubisha, simu mkononi, kichwa chake kimejaa vibanio. Tulimwita Redio, na mwenyewe alijiita hivyohivyo, kwa sababu habari zilimfikia kabla hazijatokea.

"Dada, weka mkasi chini. Kisu hakikugusi tena."

"Kisu gani?"

"Cha hospitali. Tazama. Yaani, sikiliza."

Akaiweka simu mezani katikati ya vipande vya kitambaa. Niliitazama kwa pembeni. Mwanamke mmoja ameketi kwenye meza, na juu ya kichwa chake imeandikwa KABLA. Ananyoosha mkono kutafuta kikombe, anakikosa, anakigonga, kinaanguka. Kisha ikaandikwa BAADA YA WIKI SITA, na mwanamke yuleyule anasoma gazeti kwa sauti, anacheka, anafuta machozi. Mwanaume mwenye sauti nzito akasema matone yake ya mitishamba yanamyeyusha mtoto wa jicho, na kwamba hospitali hazitaki watu wajue, maana visu vyao vitakosa kazi.

Shangazi aliinama karibu na kioo cha simu mpaka pua ikakaribia kukigusa. Alichokipata ni sauti tu.

"Anasoma gazeti?" aliuliza.

"Anasoma gazeti. Na mimi mwenyewe ni shahidi," alisema Redio. "Si unakumbuka macho yangu yalivyokuwa yakiwasha? Nimetia matone haya, hayawashi tena. Niulize mimi, usiulize majirani."

Redio hakuwa mwongo. Shangazi alipolazwa mwaka juzi, ni yeye aliyelala sakafuni pembeni ya kitanda siku nne, akampaka mafuta miguuni. Neno lake lilikuwa na uzito pale dukani, na lilistahili.

"Basi," shangazi alisema, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Nitawaambia hospitali wasogeze. Nijaribu matone kwanza."

Nilifungua mdomo. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimesimama mbele ya wanafunzi wapya arobaini, nikiwaeleza namna ya kuchunguza habari za mtandaoni: nani kaandika, anafaidika na nini, nani mwingine kasema hivyo. Niliyasoma yote kutoka kwenye karatasi, kwa sababu nikiwatazama watu machoni maneno yananipotea. Lakini niliyasema. Sasa mbele ya mtu mmoja aliyenilea, ulimi ulikuwa mzito kama pasi ya mkaa.

"Unataka kusema kitu, mwanangu?"

"Hapana, shangazi."

"Huyu akisema hapana na kichwa chini, maana yake ana maneno gunia zima," alisema Redio, akacheka, akarudi saluni kwake.

*

Maneno sikuwa nayo, nikaenda kuyatafuta. Alhamisi na Ijumaa nilibaki maktaba baada ya kazi. Nilianza na yale matone. Nilifungua kurasa tano zilizoyasifu. Tatu zilikuwa na sentensi zilezile, hata kosa la nukta lilikuwa lilelile, na zote tano ziliishia kwenye namba moja ya simu ya kuagizia. Kisha nikaandika kwenye mtandao, "faida za upasuaji wa mtoto wa jicho". Faida zikaja. Nilichapisha kurasa saba, nikazipanga vizuri na kuzibana pamoja.

Kulikuwa na ya nane. Ilikuwa ripoti ndefu ya madaktari, imeandikwa kwa lugha kavu, na katikati yake ilisema kwamba wagonjwa wachache hupata matatizo baada ya upasuaji, na miongoni mwao wapo wachache zaidi ambao jicho halirudi. Niliichapisha nayo. Halafu nikaikunja mara nne, nikaitia kwenye mfuko mdogo wa mkoba wangu, ule wenye zipu. Nilijiambia ningemtisha bure. Nilijiambia mengine pia, lakini ukweli ni kwamba niliogopa kumwona akipapasa kola kwa vidole maisha yake yote.

Jumamosi mchana nilizisoma zile saba kwa sauti dukani. Shangazi alikuwa akipinda pindo la suruali kwa kukisia, subana ya kukinga sindano kidoleni, na Redio alikuwa ameketi kwenye stuli ya wateja kwa sababu saluni haikuwa na mtu. Nilisoma bila kuinua macho. Nilipomaliza, mkono wa shangazi ulikuwa umesimama.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Zote zinasifu."

"Ndiyo, shangazi. Na yale matone nimeyafuatilia. Wote wanaoyasifu wana namba moja ya simu."

"Hata hospitali wana namba ya simu," alisema Redio.

Shangazi alitoa subana, akaiweka juu ya cherehani.

"Hebu niambie. Huo mtandao uliuuliza nini, kwa maneno yako mwenyewe?"

"Niliuliza faida za upasuaji."

"Na wewe Redio? Maana najua nawe uliuliza."

Redio alijikuna shingo kwa kibanio. "Niliuliza kwa nini upasuaji wa macho unapofusha watu."

Shangazi alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Jumatatu.

"Basi nyote wawili mmefanya kama fundi anayejifunza. Anamvalisha mteja gauni, anamsimamisha mbele ya kioo, anauliza: limekupendeza, eti? Mteja atajibu nini? Anaona haya, anasema limenipendeza, akifika nyumbani analitupa kabatini. Mimi siulizi hivyo. Nauliza, linakubana wapi? Hapo ndipo anainua mkono, anasema hapa kwapani, fundi."

Nje mtu alikuwa akijaribu honi ya pikipiki, mara moja, mara mbili.

"Sasa tuanze upya," alisema. "Redio, weka ile video. Na wewe, nisomee."

"Nikusomee video?"

"Kama nguo. Usiruke kitu."

*

Ilikuwa mara ya kwanza nimeitazama kwa makini. Siku ile ya kwanza niliitazama kama anavyotazama mtu aliyeshakasirika, na hasira haioni mshono. Sasa niliisimamisha kila baada ya sekunde chache na kueleza.

"Meza ya mbao. Kikombe cha bluu. Ukutani kuna kalenda, lakini tarehe hazisomeki. Mwanamke ana miaka kama hamsini. Amevaa gauni la kijani lenye kola ya duara."

"Mikono?"

"Mirefu. Ina vifungo viwili. Kola ina..." Nilisita, nikaikuza picha kwa vidole. "Kola ina mishono mirefu myeupe, shangazi. Ina uzi mweupe. Upande wa kushoto. Haulingani na upande wa pili."

Shangazi alifumbua macho.

"Mirefu kiasi gani?"

"Kama nusu kidole. Inapanda na kushuka."

"Hiyo ni bandi."

"Nadhani ni bandi."

"Usiniambie nadhani. Ni bandi au si bandi?"

"Ni bandi, shangazi."

"Haya. Nenda kwenye wiki sita."

Nilisogeza mbele. Gazeti, kicheko, machozi. Gauni la kijani lilelile. Nilikuza kola, na nilipoona nilichokiona nilimpa Redio simu aitazame mwenyewe, kwa sababu sikutaka kuwa mimi peke yangu.

"Upo," alisema Redio polepole. "Uzi upo. Palepale."

"Unaanzia wapi na kuishia wapi?" aliuliza shangazi.

"Unaanzia chini ya sikio. Mwisho wake kuna kipande kimechomoza."

"Na kwenye ile ya kabla?"

Tulirudi nyuma. Kipande kilikuwa kimechomoza vilevile.

"Labda analipenda hilo gauni," Redio alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshapungua. "Mtu anaweza kuvaa gauni moja mara mbili."

"Anaweza. Hata mara mia. Lakini bandi haikai wiki sita. Ukifua mara moja inalegea, ukipiga pasi inakatika, na mwenye gauni akikuna shingo inatoka yote. Hilo gauni limetoka kwa fundi asubuhi, la haraka, na limepigwa picha zote mbili siku hiyohiyo." Akatikisa kichwa. "Masikini huyo fundi. Najua anavyojisikia."

Redio aliifunika simu kwenye paja.

"Kwa hiyo mimi ni mwongo."

"Nani kasema? Macho yako yalikuwa yakiwasha, sasa hayawashi. Hiyo ni habari yako na ni ya kweli. Ulianza matone lini?"

"Mwezi wa nne."

"Na lile dirisha la nyuma la saluni, ulilifungulisha lini, moshi wa dawa za nywele ukaanza kutoka?"

Redio alitazama dari. Akahesabu kitu kwa vidole, akaacha.

"Mwezi wa nne," alisema.

"Sisemi ni dirisha. Sisemi ni matone. Nasema sijui, na wewe hujui. Na langu haliwashi, Redio. Langu limeziba."

"Haya, dada. Redio imezimwa," alisema, na tukacheka wote, ingawa niliona anafuta simu yake kwa pindo la kanga kana kwamba ina uchafu.

Ningeweza kuiacha hapo. Shangazi alikuwa ameshakata shauri upande niliotaka. Nililiona kwa jinsi alivyorudisha subana kidoleni. Kurasa zangu saba zilikuwa zimelala mezani, safi, hakuna aliyezigusa.

"Na zako je?" aliuliza bila kunitazama. "Zinabana wapi?"

Nilifungua zipu ya mkoba, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea. Karatasi ya nane ilikuwa imekunjamana. Niliinyoosha juu ya meza kwa kiganja, nikaisoma neno kwa neno. Nilisoma kuhusu wale wachache. Nilisoma kuhusu wachache zaidi. Nilipomaliza nilisema, "Niliificha, shangazi. Nilikuwa nayo tangu jana."

Aliipapasa karatasi, akafuata mikunjo yake kwa kidole.

"Niliogopa ungekataa," nikaongeza.

"Ningeweza kukataa. Jicho ni langu." Hakusema kwa ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Yule wa video alinificha kwa ajili ya mfuko wake. Wewe umenificha kwa kunipenda. Lakini mimi niliyekaa hapa katikati, nisiyeona, tofauti yake naipata wapi?"

Nililia kidogo. Redio alinipa kitambaa cha saluni chenye harufu ya dawa ya nywele, ambacho kilinifanya nilie zaidi.

"Tafuta kalamu," alisema shangazi hatimaye. "Andika maswali ya kumuuliza daktari. Andika herufi kubwa, ingawa najua ni wewe utakayesoma."

*

Alhamisi tulifika hospitali saa mbili kamili. Chumba cha daktari wa macho kilikuwa kidogo, na ukutani palikuwa na lile bango la herufi zinazopungua. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti kavu, na meza yake ilikuwa na mafaili ya watu wengine tisa wa siku hiyo. Alimsukumia shangazi fomu na kalamu.

"Mama, hapa unasaini kwamba umekubali."

"Nitasaini. Binti yangu ana maswali kwanza."

Nilikuwa na matumaini kwamba angeuliza yeye. Nilifungua karatasi. Daktari alinitazama, nikatazama herufi, na nikasoma.

"Hatutaki utuambie wangapi walipona. Tungependa kujua wale ambao haikuwaendea vizuri. Ni wangapi, na ilikuwaje."

Nilidhani atakasirika. Daktari aliweka kalamu chini.

"Sijaulizwa hivyo siku nyingi," alisema. "Mwaka jana nilifanya macho mia tatu na kitu. Wanne walipata shida. Wawili walipata maambukizi, tukawatibu, wanaona. Mmoja alihitaji kurudi chumba cha upasuaji. Mmoja..." Aliyasogeza mafaili pembeni. "Mmoja haoni kwa jicho hilo. Alikuwa na ugonjwa mwingine nyuma ya jicho. Siku hizi tunampima kila mgonjwa nyuma ya jicho kwanza. Wewe, mama, tulikupima. Nyuma ya jicho lako ni safi. Lakini siwezi kukuahidi asilimia mia, na anayekuahidi hivyo usimpe jicho lako."

"Unamkumbuka?" aliuliza shangazi. "Huyo mmoja."

"Namkumbuka. Alikuwa seremala."

Shangazi aliitikia kwa kichwa, mara mbili, kama anavyofanya mteja anapomwonyesha pale panapombana. Aliomba nimwekee kidole mahali pa kusaini. Nikamwekea. Akaandika jina lake lote, herufi zikipanda juu ya mstari na kushuka.

*

Wiki tano baadaye mwalimu alileta kitambaa kingine. Nilidhani hatarudi, lakini alirudi, na alichagua rangi ya maziwa tena, sijui kwa ujasiri au kwa upole. Gauni lilipokamilika, shangazi alilipeleka mlangoni penye mwanga. Jicho la kulia lilikuwa jekundu kidogo pembeni, lakini wazi. Aliitazama kola kwa muda mrefu, ndani na nje. Alitazama mapindo. Alitabasamu peke yake.

Kisha akanikabidhi.

"Nisomee."

"Lakini sasa unaona, shangazi."

"Naona. Nisomee hata hivyo."

Nilisogea mlangoni nikaanza. Kola imelala sawa. Vifungo vinane, matundu manane. Pindo limenyooka. Niligeuza mkono wa kulia. Kwapani, kwenye mkunjo, kulikuwa na kipande cha uzi mweupe kisichozidi ukucha. Karibu niseme pako sawa. Alikuwa na furaha sana.

"Kuna bandi," nilisema. "Kwapa la kulia."

Alikuja, akainama, akatazama mahali nilipoweka kidole. Alitazama mpaka akauona.

"Huo sikuuona," alisema, akanyoosha mkono kupokea mkasi.